Zawadi ya kutengeneza kwa mkono: udi wa kupika, kitandiko cha ukili na mfuko wa kanga

Mpe mtu kitu kilichosukwa au kushonwa kwa mkono, kisha mtazame anavyokipokea. Atakisifu kwanza, halafu atakigeuza aone upande wa pili. Huko ndiko kazi inakojulikana. Ncha za ukindu zikichomoza, uzi ukiwa na vifundo vikubwa, kitambaa kikichanuka nyuzi kwenye mishono, mpokeaji atashukuru kwa adabu na kukiweka kabatini. Upande wa chini ukiwa safi kama wa juu, kitu hicho kitatumika mpaka kichakae. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitakaa sana kwenye umaliziaji, kwa sababu maelezo mengi ya kazi za mikono huishia pale kitu kinapoanza kupendeza upande mmoja.

Nimechagua vitu vitatu vinavyokwenda pamoja: udi wa kupika nyumbani, kitandiko cha duara cha kuwekea sufuria moto mezani kilichosukwa kwa ukili, na mfuko wa kanga wa kamba ya kuvuta unaotiwa kopo la udi ndani. Ukivipanga pamoja unapata zawadi ya mtu anayehamia nyumba mpya, ya bibi harusi, ya Iddi au ya Krismasi. Vyote vitatu hutumika. Mimi sipendi zawadi ya pambo tupu la kukusanya vumbi, hasa kwa watu wanaoishi kwenye vyumba viwili ambako kila nafasi ya ukutani na mezani ina kazi yake.

Anza na udi, kwa kuwa unahitaji wiki tatu kukaa kwenye kopo kabla ya kutolewa. Ukili utakuchukua jioni kadhaa, na mfuko ni kazi ya mchana mmoja hata kama huna cherehani.

Udi wa kupika

Pwani tuna udi wa aina mbili kuu. Kuna udi wa mti wenyewe, vipande vinavyowekwa juu ya makaa bila kuongezwa kitu, na huo mzuri wake ni ghali sana. Halafu kuna udi wa kupika, ambao vipande vya mti hupikwa kwa sukari na manukato mpaka vikashikana na harufu. Huu wa pili ndio wa kutengeneza nyumbani, na kila nyumba ina mkono wake: mwenye kupenda miski ataongeza miski, mwenye kupenda karafuu atazidisha karafuu.

Kwa makopo mawili madogo ya zawadi utahitaji:

- gramu 100 za vipande vidogo vya msandali, au nusu msandali na nusu udi wa mti wa bei ya chini
- vijiko 5 vya chakula vya sukari nyeupe
- vijiko 6 vya chakula vya marashi ya mawaridi
- kijiko 1 cha chakula cha ubani uliosagwa
- kijiko 1 cha chai cha karafuu iliyosagwa muda huohuo
- kijiko 1 cha chai cha mafuta ya udi au ya msandali, na nusu kijiko cha miski au ambari, yote yawe mafuta matupu yasiyo na spiriti

Vitu hivi vinapatikana Darajani kwa wa Unguja, Kariakoo kwa wa Dar es Salaam, na Marikiti kwa wa Mombasa. Walioko Muscat wana soko la Matrah, ambako maduka ya msandali na ubani wa Dhofar yamepangana mlango kwa mlango. Muuzaji akikuonyesha vipande vya msandali, kivunje kimoja ukinuse pale palipovunjika. Mti uliotiwa manukato juu juu hunukia nje, ukiuvunja ndani hauna kitu.

Nisisitize hilo la spiriti. Manukato ya kupuliza yanayouzwa kwenye chupa za dukani yana spiriti nyingi, na spiriti hulipuka moto ikikutana na jiko au makaa. Tumia mafuta mazuri ya chupa ndogo, yale ya kupaka kwa kijiti. Huna? Acha, tumia karafuu na ubani peke yake. Udi wako utakuwa wa harufu nyepesi, lakini utakuwa salama.

Usiku wa kuamkia siku ya kupika, nyunyizia vipande vya mti vijiko 2 vya marashi ya mawaridi, changanya kwa mkono, funika na uache mpaka asubuhi. Mti mkavu kabisa haunywi shira vizuri. Sukari hubaki juu kama ganda, na ganda hilo ndilo linalotoa harufu ya kuungua udi ukichomwa.

Asubuhi weka sufuria nzito kwenye moto mdogo. Tia sukari na vijiko 4 vilivyobaki vya marashi. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha acha kukoroga, iache ichemke taratibu. Unatafuta shira nzito isiyo na rangi. Ipime hivi: dondoshea tone kwenye bakuli la maji baridi. Likitawanyika, bado. Likikaa chini kama kidonge laini unachoweza kukibonyeza kwa kidole, imefika. Ikianza kugeuka rangi ya asali umechelewa; imwage na uanze upya, maana sukari iliyoungua haifichwi na manukato yoyote. Na usimwache mtoto karibu na jiko wakati huu. Shira ya moto ikigusa ngozi hunata na kuendelea kuunguza.

Punguza moto uwe mdogo kabisa, mimina vipande vya mti, na ukoroge kwa mwiko wa mbao bila kupumzika. Mwanzoni vitashikana bonge moja. Endelea. Baada ya dakika kadhaa shira itaanza kuingia kwenye mti na vipande vitaachana kimojakimoja, vikiwa vinang'aa na kunata kidogo. Hapo epua. Nyunyizia karafuu na ubani, koroga. Subiri sufuria ipoe kiasi cha kuweza kuishika ubavuni kwa kiganja, ndipo utie mafuta ya udi na miski. Mafuta yakitiwa kwenye sufuria ya moto, harufu yote inakwenda na mvuke, na jikoni kwako kutanukia vizuri kuliko kopo.

Tandaza udi kwenye sinia, funika kwa kitambaa chepesi, uache upoe kabisa. Tia kwenye makopo ya kioo yaliyokauka kabisa, jaza mpaka karibu na mdomo, na ufunge vizuri. Weka mahali penye giza. Kila baada ya siku chache litikise kopo bila kulifungua. Baada ya wiki tatu harufu za vitu vyote zitakuwa zimeshikana ikawa harufu moja. Ukiufungua siku ya pili utanusa karafuu peke yake na kudhani umekosea.

Kabla ya kuutoa, jaribu kipande kimoja nyumbani kwako. Washa kaa mpaka lifunikwe na jivu jeupe, liweke kwenye chetezo, weka kipande juu. Moshi uwe mwembamba na usiwe na mwali. Ukiona sukari inatokota na moshi mzito mweusi, shira ilikuwa nyingi. Uanike udi kwenye sinia kivulini kwa siku mbili, kisha uurudishe kwenye kopo na kuongeza matone machache ya mafuta.

Kitandiko cha ukili

Ukili ni ule msuko mrefu mwembamba ambao ukishonwa ukingo kwa ukingo unakuwa mkeka, kikapu au kawa ya kufunikia chakula. Kwa hiyo ukiweza kusuka ukili mmoja vizuri na kuushona duara, umeshashika msingi wa kazi nyingine zote. Kitandiko ni pa kuanzia kwa sababu ni kidogo, kinakwisha, na kosa lake linaonekana mapema ukiwa bado unaweza kulifumua.

Malighafi ni ukindu, yaani majani ya mkindu, au miyaa ya mkoma. Ukindu ni laini na mweupe zaidi, ndio wa mikeka mizuri. Miyaa ni migumu na inafaa zaidi kwa vikapu vya kubebea mzigo na majamvi. Kwa kitandiko nunua ukindu. Sokoni huuzwa kwa mafungu, ukiwa umeshakaushwa juani. Chagua majani yaliyo marefu, yenye rangi moja ya krimu, yasiyo na madoa meusi ya ukungu. Likunje jani moja: likivunjika kwa mlio ni kuukuu. Anayekata mwenyewe achukue yale majani machanga ambayo hayajafunguka, na achukue machache kwa kila shina. Mkindu humea kichaka chenye mashina mengi, lakini shina lililokatwa kilele chake chote halirudi.

Walioko ughaibuni wasiopata ukindu wanaweza kutumia rafia ya maduka ya kazi za mikono. Inasukika vizuri, ila ni legevu kidogo, kwa hiyo kaza mkono zaidi.

Kupaka rangi ni hiari. Ukitaka, chemsha maji kwenye sufuria usiyopikia chakula, yeyusha rangi ya unga, zamisha majani na uyaache yachemke taratibu mpaka rangi ishike pande zote, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe na uanike kivulini. Usiruke kusuuza: kitandiko kisichosuuzwa kitaacha duara jekundu kwenye kitambaa cha meza cha watu siku ya kwanza sufuria yenye jasho itakapowekwa juu yake. Manjano hutoa rangi nzuri sana lakini hupauka haraka ikipigwa na jua. Zamani gome la mkandaa lilitumika kupata kahawia nyekundu. Leo mikoko ya Tanzania ni misitu ya hifadhi, na mti ukichunwa gome unakufa, kwa hiyo mimi nasema tuliache gome kwenye mti wake. Rangi mbili zinatosha: majani manne meupe na moja la rangi kwenye msuko hutoa mchirizi unaozunguka duara lote.

*Kuandaa nyuzi.* Pasua kila jani kwa urefu wake upate nyuzi za upana wa milimita 3. Tumia ncha ya sindano: choma karibu na shina la jani, vuta kuelekea nchani. Tupa uti wa kati ulio mgumu. Upana sawa ni nusu ya uzuri wa ukili, kwa hiyo usione uvivu kuzipanga: nyembamba mno pembeni, pana mno zipasuliwe tena. Kitandiko cha kipenyo cha sentimita 20 kinataka ukili wa mita 4 hivi, na ukili wa mita 4 hula karibu nyuzi mia moja za urefu wa kawaida. Andaa zote kabla ya kuanza. Ukishaanza kusuka, kusimama kila mara kupasua majani hukufanya ubadilishe mkazo wa mkono, na mkazo uliobadilika unaonekana.

Loweka nyuzi kwenye maji ya kawaida dakika kumi tu, kisha zifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu na uzitoe chache chache. Zikilala majini usiku kucha zitakuwa nyeusi na kunuka uvundo.

*Kusuka.* Tutatumia nyuzi tano. Chagua tano za urefu tofauti, si sawa. Sababu utaiona punde. Zifunge pamoja upande mmoja kwa uzi, uzibane chini ya kitu kizito au kwenye kidole gumba cha mguu kama wafanyavyo wasukaji wengi. Zigawe: tatu mkono wa kulia, mbili wa kushoto.

Chukua uzi wa nje kabisa wa kulia. Upitishe juu ya jirani yake, kisha chini ya unaofuata, ufike katikati. Sasa ni wa kundi la kushoto, na kushoto kuna tatu. Chukua uzi wa nje kabisa wa kushoto, upitishe juu ya jirani yake, chini ya unaofuata, ufike katikati. Umerudi kulia. Basi, kazi ndiyo hiyo, kulia na kushoto, juu na chini, hadi mwisho. Ni kama kusuka nywele, tofauti ni kwamba hapa uzi wa pembeni lazima ukunjwe ulale bapa. Kila unapoupindua kwenye ukingo, ubonyeze kwa ukucha ili kona iwe kali. Kona zikiwa za mviringo, ukingo wa ukili utakuwa na matundu na kushona kutakuwa tabu.

Vuta kila uzi kwa nguvu ileile. Baada ya kila shibiri moja laza ukili mezani uupime kwa rula. Unatakiwa uwe sentimita 1 mwanzo hadi mwisho.

*Kuunga.* Uzi ukibakia vidole vitatu, chukua mpya, ulaze juu ya ule wa zamani na usuke vyote viwili kama uzi mmoja kwa mizunguko mitatu. Mkia wa mpya utokeze upande wa chini, na wa zamani nao uuelekeze huko chini. Usisubiri uzi uishe kabisa. Na hii ndiyo sababu ya kuanza na nyuzi za urefu tofauti: zingekuwa sawa, zote tano zingeisha mahali pamoja, na ukili ungevimba pale na kukatika baadaye palepale. Kamwe usiunge nyuzi mbili ndani ya upana wa vidole viwili.

Mikia usiikate sasa. Ukindu mbichi kwa maji hunywea ukikauka, na mkia uliokatwa mfupi unaweza kuchomoka. Maliza ukili, uanike siku nzima kivulini, kisha ndipo ukate mikia yote kwa mkasi mdogo, sambamba na msuko. Pitisha kiganja upande wa chini. Kisikwaruze.

*Kushona duara.* Mikeka hushonwa kwa shazia, ile sindano kubwa, lakini kwa ukili wa sentimita moja shazia ni kubwa mno na itapasua majani. Tumia sindano nene ya mkono yenye tundu pana na uzi imara wa rangi ya ukindu. Lowesha sentimita 20 za mwanzo wa ukili ziwe laini. Kunja ncha iingie chini, kisha anza kuzungusha ukili kuizunguka ncha hiyo, ukingo wa mzunguko mpya ukilalia ukingo wa ule wa ndani kwa milimita 2. Mizunguko miwili ya kwanza ni migumu, ukili utataka kusimama. Ubonyeze, ushone kwa karibu, na usikasirike.

Sindano iingie kutoka chini, iokote ile kona iliyokunjwa ya ukingo wa ndani, irudi chini kupitia kona ya ukingo wa nje. Kwa njia hiyo uzi unajificha katikati ya misuko na juu hauonekani. Kila baada ya mzunguko laza kazi mezani uitazame. Ikiinuka pembeni na kuwa bakuli, unavuta sana. Ikifanya mawimbi, umelegeza sana. Vyote viwili dawa yake ni kufumua mzunguko huo mmoja mara moja, kwa sababu mzunguko unaofuata hauwezi kurekebisha wa nyuma.

Ukibakiza sentimita 10 za mwisho, punguza nyuzi za msuko: toa moja, suka nne, toa nyingine, suka tatu. Ukili utachongoka na mwisho wake utateleza chini ya ukingo bila kuacha ngazi. Shona ncha upande wa chini kwa mishono midogo mitano, na badala ya kufunga kifundo, rudisha uzi ndani ya msuko mara tatu kwenda na kurudi, kisha ukate.

Mwisho, funika kitandiko kwa kitambaa chenye unyevu, kiweke chini ya ubao na vitu vizito usiku kucha. Asubuhi kitakuwa bapa. Kianike mpaka kikauke kabisa kabla ya kukifunga, la sivyo kitaota ukungu ndani ya zawadi.

Mfuko wa kanga

Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina, yaani yale maneno. Ukikata kanga ovyo unapoteza jina, na jina ndilo linalosema zawadi imetoka wapi na kwa nia gani. Kwa hiyo kabla ya kukata kipande kingine chochote, kata kwanza ukanda wote wa jina, upana wa sentimita 3 juu ya maneno na 3 chini yake. Uweke pembeni; una kazi yake. Soma jina kabla ya kununua, hasa kanga inayokwenda kwa wifi au mkwe. Kuna majina ya baraka na kuna majina ya vijembe, na mpokeaji atalisoma hata kama wewe hukulisoma.

Kanga mpya ifue kwanza peke yake mpaka maji yawe meupe. Ina wanga wa kiwandani, itapungua kidogo, na nyekundu na nyeusi zake hutoa rangi. Kanga iliyokwishavaliwa lakini haijachakaa inafaa zaidi, ni laini na haichezi tena. Piga pasi kabla ya kupima.

Vipimo vya mfuko wa sentimita 15 kwa 21:

1. Kata kipande cha upana wa sentimita 18 na urefu wa sentimita 50. Kitakunjwa katikati, kwa hiyo chagua maua yasiyo na juu na chini, la sivyo upande mmoja yatasimama kichwa chini.
2. Kwenye kingo zote mbili ndefu, pima sentimita 7 kutoka kila mwisho, na ukate kuingia ndani kasoro kidogo ya sentimita moja na nusu. Utakuwa na mikato minne.
3. Vile vipande vya ukingo vilivyo kati ya mkato na mwisho wa kitambaa, vikunje mara mbili kuelekea ndani na uvishone. Hapo ndipo kamba itakapotokea, na mahali pa kamba huchakaa kabla ya pengine pote.
4. Kunja kila mwisho wa kitambaa sentimita 1, kisha sentimita 3, upige pasi, ushone sambamba na mkunjo wa ndani. Umepata njia mbili za kamba.
5. Kunja mfuko katikati, upande mzuri ukiwa nje. Ndiyo, nje. Shona pembeni kutoka kwenye mkato hadi chini, nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza nyuzi zinazoning'inia.
6. Geuza ndani iwe nje, piga pasi mshono, na ushone tena palepale, safari hii sentimita 1 kutoka ukingoni. Kingo mbichi zimefungiwa ndani ya mshono. Geuza tena.
7. Kata kamba mbili za sentimita 50. Moja iingie kulia, izunguke njia zote mbili na itokee kulia; ya pili iingie kushoto na itokee kushoto. Funga ncha za kila upande pamoja. Ukizivuta kwa wakati mmoja mfuko unajifunga.

Hatua ya 5 na 6 ndizo zinazorukwa, kwa kuwa kushona mara moja kunatosha kuushikilia mfuko. Unatosha mpaka ufuliwe. Kanga ni pamba nyepesi, ukingo wake hufumuka haraka, na mfuko uliofumuka hauwi tena wa udi, unakuwa wa pini na vifungo.

Anayeshona kwa mkono atumie mishono ya kurudi nyuma, midogo, uzi mmoja usiokunjwa mara mbili. Uzi mrefu kuliko mkono wako wa kushonea utakusumbua kwa kujisokota.

Kanga moja, ambayo ni karibu mita moja na nusu kwa mita moja, itakupa zaidi ya mifuko kumi hata baada ya kutoa ukanda wa jina. Ndiyo maana kazi hii inafaa kufanywa na ndugu au majirani wawili watatu kwa pamoja kabla ya sikukuu: mmoja akate, mmoja apige pasi, mmoja ashone.

Kufunga na kukabidhi

Tia kopo la udi ndani ya mfuko, vuta kamba. Weka mfuko juu ya kitandiko. Sasa chukua ule ukanda wa jina, kunja kingo zake ndefu kuelekea nyuma sentimita moja moja, piga pasi, shona mishono mepesi ili zisifunguke. Uzungushe zawadi nzima na uufunge juu kwa fundo moja jepesi, maneno yakisomeka upande wa mbele. Huhitaji karatasi wala plastiki. Mpokeaji anaweza kuufungia pazia baadaye.

Andika maelezo mafupi ya matumizi kwenye kikaratasi, kwa mkono wako, uyaweke ndani ya mfuko. Yasiwe marefu. Kitandiko: kisilowekwe, kipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu na kianikwe kivulini. Mfuko: ufuliwe kwa maji baridi. Udi: kipande kimoja au viwili kwa wakati, juu ya kaa lenye jivu, dirisha likiwa wazi, kwa sababu makaa yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usifukizwe karibu na mwenye pumu wala mtoto mchanga. Kwa hiyo kwa mzazi aliye kwenye arobaini, toa udi kwenye zawadi na badala yake mtilie kwenye mfuko karafuu nzima na vipande vikavu vya msandali, aviweke katikati ya nguo kabatini, pasipo mtoto kufikia.

Kama mpokeaji hana chetezo, mnunulie cha udongo, ukifunge kwenye kanga iliyobaki na ukiweke pembeni ya kopo. Hakikisha kimechomwa vizuri: kigonge kwa kidole, kilie, kisitoe mlio wa kufa.

Ukiutoa udi wako ukiwa na wiki mbili badala ya tatu, andika kwenye kikaratasi tarehe ya kuufungua.